Migahawa midogo Tunduma isisahau ukumbi

TUNDUMA ni mji unaolisha watu wengi wasio wakazi wake. Madereva wa malori yanayobeba shaba kutoka Zambia na Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam, mawakala wa forodha, wanunuzi wa nafaka na abiria wa mabasi, wote hutafuta chakula mjini hapo.

Kwa miaka mingi foleni ya malori ndiyo iliyowaletea wenye migahawa wateja. Lakini Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa Oktoba 2019, kinalenga kupunguza muda wa kukaa mpakani. Maana yake ni kwamba mteja asiyelazimika kusubiri lazima avutiwe kuketi.

Ni bahati mbaya kuwa baadhi ya wenye migahawa midogo huweka nguvu zote jikoni na kuusahau ukumbi. Meza ya watu sita hukaliwa na mtu mmoja, moshi wa mkaa huingia hadi kwenye viti, na taa moja hafifu huning'inia katikati ya dari. Kizuri chajiuza, lakini si kilichofichwa kwenye moshi na giza.

Wafaransa wana funzo katika jambo hili. Migahawa yao iitwayo brasserie, neno lenye asili ya kiwanda cha bia, ilistawi Paris katika karne ya 19. Mmojawapo, Bofinger, ulianzishwa mwaka 1864. Mpangilio wake si wa ajabu: benchi refu linaloegemea ukuta, meza ndogo za watu wawili zinazoweza kuunganishwa, na vioo vinavyotawanya mwanga.

Hesabu yake ni rahisi. Kiti huhitaji karibu nusu mita nyuma yake ili mteja akivute na kuinuka, wakati benchi la ukutani halihitaji nafasi hiyo. Katika chumba cha upana wa mita nne, mabenchi kwenye kuta mbili huokoa karibu mita moja, yaani robo ya upana wote.

Vifaa havihitaji kuagizwa Ulaya. Mbao za misonobari hutoka Mafinga kwa barabara kuu hiyo hiyo, na vyungu vya Wakisi hutoka Kyela. Kahawa ya Mbozi na mchele wa Kamsamba vikiandikwa kwenye ubao ukutani, ukumbi unakuwa pia soko la mkulima wa Songwe.

Hata hivyo, mtaji ni mdogo, na mikopo ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu lazima irejeshwe. Hakuna sababu ya kukopa kwa ajili ya urembo. Kwanza yatengenezwe matundu ya kutolea moshi na mahali pa kunawia mikono, kisha taa na mabenchi; rangi na mapambo vifuate kutokana na faida.

Halmashauri ya Mji wa Tunduma nayo ina wajibu. Maofisa biashara wake, kwa kushirikiana na SIDO, wanaweza kuwafundisha mama lishe kupima vyumba vyao na kupanga matumizi kabla ya kumwita fundi. Mafunzo hayo yatolewe pamoja na mkopo, si baada ya fedha kwisha.