Dakika 33, na hakuna kuruka

Nitukaneni mkitaka, lakini hapa shida ni sisi, si Paul Simon.

Juzi nilimwekea beshte yangu Seven Psalms, albamu ambayo Simon alitoa Mei 2023 akiwa na miaka 81. Dakika mbili hazijaisha, ashanyakua simu yangu anatafuta wimbo wa pili. Haupo. Albamu nzima ni kipande kimoja cha dakika 33, sehemu saba zimeungana. "Huyu buda ana kiburi," akaniambia. "Nani ako na hiyo taimu?"

Manze, jana ulikaa masaa mawili kwa trafiki ya Thika Road ukiskroli. Hiyo taimu ulitoa wapi?

Na kiburi kiko wapi? Huyu mzee anajulikana tangu miaka ya 1960. Angeweza kuimba zile za zamani hadi kesho na watu wangelipa. Badala yake, Januari 2019 anaota kwamba anatengeneza kazi inayoitwa Seven Psalms, anaamka anaandika jina. Maneno yanakuja baadaye, usiku wa manane. Katikati ya kazi, sikio la kushoto karibu lote linaenda. Anaendelea tu. Mtu wa 81 ametulia. Sisi wa 22 ndio tuna haraka!

Sisemi yote ni tamu. Sauti imechoka, na kuna mahali katikati nilikaribia kusinzia. (Ile kesi ya Graceland na vikwazo vya Afrika Kusini naijua pia, tutapigana siku nyingine.) Lakini sikiza jinsi imejengwa. Ni gita na sauti ya mzee, kitu kidogo sana juu yake, na Mungu anarudi mara kwa mara: hapa ni kimbilio, pale ni ugonjwa wa Covid. Karibu na mwisho ndipo mkewe, Edie Brickell, anaingia kuimba naye. Ukiruka hadi hapo utasikia sauti nzuri ya mwanamke, basi. Huwezi kujua mzee alikuwa amekaa peke yake muda gani.

Najua kwa sababu nilifanya huo ujinga. Nilikata sekunde 20 za pale pa kimbilio nikapost. Watu wakaipenda sana, wakaniambia wamebarikiwa na hiyo gospo. Hakuna hata mmoja aliyesikia ile Covid, na mimi ndiye niliyeikata.

Nimeifuta.