Mashujaa wa Karatasi na Shujaa wa Mji Wetu



Wengi wetu tunaoukaribia uzee hapa Kibati, chini ya mlima Nyiragongo, tulijifunza kusoma mara mbili: kwanza katika kitabu cha shule, kisha katika vitabu vya katuni vilivyopita mikono mingi hata vikakosa majalada. Superman, Spider-Man na Chui Mweusi, mfalme wa Wakanda, walikuwa rafiki zetu. Wazazi wetu waliita jambo hilo upuuzi. Leo nasi tunawaambia watoto wetu maneno yale yale, na twaona si haki.

Tuwatazame kwanza wachoraji wenyewe. Superman alitokea mwaka 1938, kazi ya Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Cleveland, wana wa wahamiaji wa Kiyahudi. Waliuza haki zao kwa dola 130 tu, wakahangaika miaka mingi kabla majina yao hayajarudishwa juu ya kazi yao. Jack Kirby, aliyemwumba Chui Mweusi mwaka 1966 pamoja na Stan Lee, alikuwa amepigana Ufaransa mwaka 1944 kama askari wa kawaida. Watu hao hawakuchora nguvu waliyokuwa nayo. Walichora mtetezi ambaye wanyonge humtamani. Je, ni ajabu mtoto aliyezikimbia bunduki, au aliyeiona lava ya Mei 2021, akiwapenda?

Wala sanaa hii si ya wageni peke yao. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, amechora kwa miaka mingi na kuwafundisha vijana. Pat Masioni, Mkongo mwenzetu, alichora mwaka 2009 katika mfululizo wa Unknown Soldier wa kampuni ya DC, unaosimulia vita vya Uganda ya kaskazini. Kalamu ya Kongo imefika mbali.

Lakini iko hoja tusiyoweza kuikwepa. Wazazi wengine husema kwamba hadithi hizi humfundisha mtoto kuwa ngumi ndiyo inayookoa. Hapa kwetu, ambako kila mwenye silaha hujiita mkombozi, hoja hiyo ina uzito mkubwa. Sisi tunajibu: msomeni shujaa hadi mwisho. Katika hadithi ya mwaka 1962, ya Stan Lee na Steve Ditko, Spider-Man alikuwa na nguvu zote, akamwacha mwizi apite kwa kuwa halikumhusu. Mwizi huyo ndiye aliyemuua mlezi wake. Kosa lake halikuwa udhaifu. Lilikuwa kuacha kitu kipite.

Nasi, ndugu, tunamjua aliyekataa kuacha kitu kipite. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, alifanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani. Alipewa rushwa ili aruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni, akakataa, akauawa mwaka 2007 akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenye heri, kule Roma. Hakuwa na vazi la chuma wala mbio za upepo. Alikuwa na neno moja, hapana, na hakulirudisha nyuma. Watoto wanaomshangilia Chui wa Wakanda wajue kwamba mji wao una Chui wake.

Kwa hiyo tusivichome vitabu vya watoto. Tuketi nao, tuvisome pamoja, tuwaulize: huyu anamlinda nani, na kwa gharama gani? Kisha tuwanunulie penseli na daftari. Mtoto anayemchora mtu mwema kwa mkono wake humtazama kwa muda mrefu, na mtu hufanana polepole na kile anachokitazama sana.