Springi si Panga

Ndugu wanaushirika,

Gari yetu imekatika springi mlimani, ina magunia ya karafuu na wachumaji juu yake. Alhamdulillahi hakufa mtu. Ilipofunguliwa tuliona wenyewe: jani kuu limevunjika pale pale lilipochomelewa.

Jani lile tulilitoa kwenye gari bovu, likaungwa kwa weldi, likakunjwa jicho kwa moto wa mhunzi. Hatumlaumu mhunzi. Mapanga yetu ya chuma cha springi ni kazi yake, na ni mazuri. Lakini springi si panga. Kiwandani chuma kile hupashwa moto, huzimwa, kisha hupashwa tena kwa kipimo, ndipo kikapinda na kurudi. Ukikitia moto kikawa chekundu ukakiacha kipoe, hulegea. Ukikizima majini ukaishia hapo, huwa kama kigae. Weldi nayo ni hivyo hivyo kando ya mshono. Na jani kuu ndilo linaloshika ekseli. Likikatika, ekseli huhama, gari ikenda itakako.

Springi mpya ni ghali, kweli. Tumeuliza bei tukarudi kimya. Basi tutafute ya mtumba, nzima, ya gari ya aina ile ile, isiyotiwa moto. Ipakwe mafuta ya taa, ifutwe ikauke, kisha ipakwe chaki: penye ufa mafuta yatachora mstari. Chaki ipo kisomoni kwetu, njooni mchukue.

Mpaka hapo gari haitoki. Karafuu zitashuka kwa gari za ng'ombe. Mwenye mgonjwa atugongee hata usiku, tumtafutie gari nyengine.

Katibu wa Tawi