Jifunze kuitunza okidi uliyo nayo kabla ya kutafuta nyingine

Katikati ya miaka ya 1960, mtafiti wa kilimo A. Y. Allan alifanya majaribio Kitale ambayo yanastahili kukumbukwa hata na watu wasiolima mahindi. Chotara ya H611 ilikuwa imetolewa mwaka 1964, na sifa za mbegu hiyo mpya zilikuwa zimeanza kuenea. Allan aliipanda pamoja na mbegu ya kienyeji, na kila mbegu akailima kwa namna mbili: kwingine alipanda mapema, kwa nafasi inayofaa, na kupalilia kwa wakati, kwingine alichelewa kupanda na kuacha magugu yatambe. Chotara iliyolimwa ovyo ilishindwa na mbegu ya kienyeji iliyotunzwa. Mavuno makubwa kabisa yalitoka pale mbegu bora ilipoangukia mkono unaojua kazi, ila utunzaji peke yake ulizaa kuliko mbegu peke yake. Wapenda maua wa eneo hilihili, kuanzia Kitale hadi Kibabii na Bungoma mjini, wana sababu ya kuyatafakari matokeo hayo kila wanapoona okidi wasiyokuwa nayo.

Sisemi kwamba kukusanya ni kosa. Kenya ina takriban aina 280 za okidi, na misitu ya magharibi, kuanzia Kakamega hadi Cherangani na Mlima Elgon, imejaliwa nyingi. Mtu aliyeiona Ansellia africana imeng'ang'ania tawi, maua yake ya manjano yametapakaa madoa ya kahawia, hawezi kulaumiwa kwa kuitamani. Ninachopinga ni mwendo wetu: tunaongeza mimea haraka kuliko tunavyojifunza kuikuza, halafu tunauita wingi huo ufundi.

Ubaya wa mwendo huo unatokana na umbile la okidi yenyewe. Sukuma wiki ikikosa maji, hulegea siku hiyohiyo na mwenyewe akaona. Okidi inayoishi juu ya miti ni tofauti, kwa kuwa ina akiba katika majani manene au mashina yaliyovimba. Mizizi yake inaweza kuoza yote na majani yakabaki ya kijani kwa miezi kadhaa. Katika miezi hiyo mwenye mmea anajiona fundi. Ananunua wa pili, wa tano, wa kumi, na yote anaimwagilia na kuipanda vilevile alivyofanya kwa ule wa kwanza. Siku ule wa kwanza unapokauka, kosa lilikwisha kufanyika zamani na limeshahamia kwa mingine yote. Hata akitaka kujua alikosea wapi, hawezi tena kutenganisha chanzo na matokeo, maana kila mmea uliingia kwa wakati wake, kutoka mahali pake, ukiwa na hali yake.

Dalili huwa ziko kwenye mizizi. Mzizi wa okidi ya Aerangis wenye afya ni mnene, hauminyiki ukiubonyeza, na ukiwa mkavu una rangi ya fedha. Umwagie maji, nao utageuka kijani mbele ya macho yako, kwa sababu tabaka lake la nje limeyanyonya na kuionyesha rangi iliyo chini yake. Mzizi uliooza ni wa kahawia na laini. Ukiuvuta kwa vidole viwili, ganda linabanduka na kuacha uzi mwembamba. Mwenye mimea mitatu anaweza kuikagua mizizi hiyo kila wiki mpaka jicho lake likazoea. Mwenye mimea arobaini huishia kutazama majani na maua, yaani sehemu zinazochelewa kusema ukweli.

Kuna pia suala la mahali. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma karibu mita 1,400. Kwa abiria wa matatu huo ni mwendo mfupi. Kwa mmea ni tofauti kubwa ya joto, hasa usiku. Phalaenopsis, ile okidi ya maua mapana inayouzwa kwenye maduka ya Nairobi, asili yake ni misitu ya joto ya Asia, na baridi ya usiku wa Kitale mwezi Julai inaidumaza. Okidi iliyozoea ukungu wa miinuko ya Elgon nayo itataabika kwenye baraza ya Bungoma jua la mchana linapochoma. Kisha kuna kiangazi cha Desemba hadi Machi, wakati okidi zetu nyingi hupumzika. Anayezinywesha kila siku mwezi Januari kwa huruma, zikiwa zimefungiwa kwenye chungu kisichopitisha hewa, anaziua kwa mapenzi. Maarifa haya hayatoki dukani pamoja na mmea. Hupatikana kwa kukaa na mmea mmoja misimu yote ya mwaka, mahali pamoja, na kuandika kinachotokea.

Uingereza ya karne ya 19 ililipia somo hili kwa gharama kubwa, na gharama yenyewe ilibebwa na misitu ya nchi nyingine. Matajiri walituma watu Amerika ya Kusini na Asia kuwatafutia okidi. Miti ilikatwa ili mimea iliyo kileleni ifikiwe. Shehena nyingi zilikufa baharini. Zilizofika zilifungiwa kwenye nyumba za vioo zenye joto na mvuke, kwa dhana kwamba kila kitu cha tropiki kinataka kuchemshwa. Okidi za milima ya Andes, zilizozoea baridi, zilikufa humo miaka mingi kabla ya wakuzaji kukubali kufungua madirisha. Pesa zilikuwepo, aina mpya ziliingia kwa wingi, na wingi huo ndio uliochelewesha ujuzi: pengo la mmea uliokufa lilizibwa na mwingine, hakuna aliyelazimika kuuliza kwa nini umekufa.

Wapo watakaosema kwamba wingi wa aina ndio mwalimu, kwamba huwezi kuelewa okidi kwa kushinda na moja. Hoja hiyo ina uzito. Anayekuza Polystachya yenye mashina ya kuhifadhi maji, kisha akakuza Aerangis isiyo nayo, ataelewa mapema zaidi kwa nini moja huvumilia kiu na nyingine haivumilii. Lakini ulinganisho hufundisha pale tu unapojua kinachoendelea katika kila upande. Kwa maoni yangu kipimo kizuri ni kuchanua mara mbili. Okidi inaponunuliwa ikiwa na maua, sifa ni ya aliyeikuza. Ikichanua kwako mara ya kwanza, huenda inatumia akiba iliyokuja nayo. Ikichanua tena, umeielewa, na sasa ongeza nyingine yenye mahitaji tofauti ili ikufundishe jambo jipya. Hapo kukusanya na kujifunza vinakwenda pamoja.

Hoja nzito zaidi ni ya msitu. Miti inakatwa, watu husema, na okidi zinaanguka nayo. Si heri mtu azichukue kuliko zioze au ziungue kwenye tanuri la makaa? Mti wa kivuli unapoangushwa shambani kwa mtu, nakubali kabisa kwamba okidi zake ziokolewe, na njia ya kwanza ni kuzifunga kwa kamba ya katani kwenye mti mwingine wa aina ileile, jirani na pale zilipokuwa. Ila hoja ya kuokoa huteleza haraka. Leo ni mti ulioanguka, kesho ni tawi lililokuwa karibu kuanguka, keshokutwa ni kijana aliyelipwa kupanda juu ya mti mzima ndani ya hifadhi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kung'oa mimea kwenye hifadhi za taifa bila kibali, na okidi zote duniani zimo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa hiyo hata kuivusha moja mpakani Suam kunataka karatasi. Zaidi ya sheria, msitu una kazi ambayo baraza haiwezi kuifanya. Utafiti wa Dino Martins na Steven Johnson uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha jinsi okidi za jamii ya Aerangis hapa Kenya zinavyochavushwa na nondo wa usiku wenye mirija mirefu ya kunyonyea. Mbegu nazo ni ndogo kama vumbi, hazina chakula ndani yake, na msituni haziwezi kukua bila kuvu anayezilisha. Okidi iliyohamishiwa nyumbani inaweza kuishi, lakini kizazi chake mara nyingi kimeishia hapo.

Hapa ndipo ninapotofautisha ukusanyaji wa aina mbili. Hugh Stoneham, aliyeanzisha jumba lake la makumbusho eneo la Kitale mwaka 1926, alikusanya vipepeo na wadudu wengine maisha yake yote, na mkusanyo wake ukawa msingi wa Makumbusho ya Kitale yaliyofunguliwa mwaka 1974. Kipepeo aliyekaushwa na kuandikiwa mahali na tarehe huendelea kufundisha hata mwenyewe akishafariki. Okidi iliyo hai ina faida kwa muda ule tu ambao kuna mtu anayeijua, na ikifa bila jina wala mahali ilipotoka, hata sayansi haipati kitu.

Mwingine atauliza kama hili si jambo la watu wenye nafasi, katika kaunti ambazo wakulima wanahangaikia bei ya mahindi na miwa. Naliona kinyume chake. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani alionyesha kwamba mbegu za okidi zinaweza kuoteshwa kwenye chupa yenye sukari na madini, bila kuvu, na leo Taiwan na Uholanzi hukuza mamilioni ya Phalaenopsis bila kugusa msitu wowote. Biashara hiyo ilizaliwa na ujuzi wa kuotesha na kulea. Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati yake mwaka 2015, kiko mwendo mfupi kutoka Bungoma mjini, na Kitale ina wataalamu wa mbegu tangu enzi za chotara. Kijana anayejua kulea miche ya Ansellia kutoka chupani hadi ichanue, kazi ya miaka kadhaa, atakuwa na bidhaa ambayo anayeng'oa msituni hawezi kuishindania kihalali. Vitalu vyetu vinaweza kuanza na hatua ndogo kuliko hiyo: kila okidi inayouzwa iwe na kibandiko kinachotaja jina lake, kama ilioteshwa au ilitolewa porini, na mwinuko inakotoka. Na kwenye maonyesho ya kilimo ya Kitale, pakiwa na meza ya maua, nishani iende kwa mmea uliochanua mwaka hadi mwaka mikononi mwa mtu yuleyule, hata kama ni wa aina ambayo kila mtu anayo.