Tuhamie wapi na watoto wetu?

Kiangazi ndicho kipindi cha kuhama. Masomo yamekwisha, barabara imekauka, na kila siku twaona pikipiki na magari ya mizigo yakiingia Kasongo kutoka Kindu: godoro juu, masufuria yamefungwa kamba, mama amempakata mtoto mchanga. Wengine wametoka mbali zaidi, hata Kinshasa, kwa sababu kodi ya nyumba na bei ya chakula vimewashinda. Wengine walikimbia mwaka 2025, miji ya Goma na Bukavu ilipotwaliwa na waasi wa M23, wakaondoka na watoto wao mikono mitupu. Hawa wote wana swali moja, nao hutuuliza baada ya Misa, tunaposalimiana mlangoni pa kanisa: "Ndugu zetu, tukae wapi na watoto?"

Leo twataka kulijibu swali hilo bila kuficha neno, maana mashauri mengi wanayopewa njiani ni mabaya, na wanaoyatoa si wao watakaozika mtoto.

Kwanza, hatuwalaumu waliouacha mji mkuu. Wako wanaowacheka wakisema: "Ameshindwa na mji, amerudi porini." Hayo ni maneno ya upuuzi. Mtoto hali taa za umeme. Mtoto hula wali, sombe, karanga na mafuta ya mawese, na vitu hivyo hutoka katika mashamba ya kwetu. Kuhama si aibu. Aibu ni kuchagua mahali bila kumfikiri mtoto.

Basi tusikie shauri la kwanza linalotolewa barazani. Wanaume hukaa, humtazama mgeni, kisha humwambia: "Usikae hapa, pitiliza. Nenda teritwari ya Kabambare, fika Salamabila, dhahabu ipo. Mwaka mmoja tu, utajenga nyumba ya mabati." Na yule baba kijana, ambaye jana hakuwa na nauli, anaona mabati yakimeta mbele ya macho yake. Anampakia mkewe na watoto watatu, anakwenda.

Sisi twasema: shauri hilo ni la Loti. Wakristo wote wanakijua kisa hicho katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 13. Abrahamu alimwachia Loti achague nchi. Loti akainua macho, akaona bonde la Yordani limejaa maji na majani, akachagua kwa macho yake. Hakuuliza majirani ni watu gani. Hakuuliza binti zake watakua namna gani. Akapiga hema zake karibu na Sodoma. Mwisho wake twaujua: alitoka mbio alfajiri, bila nyumba, bila mali, na mkewe akabaki njiani.

Sisi watu wa Kasongo hatuna haja ya kwenda mpaka Yordani kutafuta mfano. Kasongo ya kale, mahali walipotawala Tippu Tip na mwanawe Sefu, ilikuwa mji wa utajiri. Pembe za ndovu zilirundikana, misafara ilipita Kabambare kwenda Ujiji na pwani, na watu wetu walikwenda nayo wakiwa wamefungwa shingo. Pale Nyangwe, kando ya Lualaba, palikuwa na soko kubwa mno; mwaka 1871 Livingstone aliona kwa macho yake wanawake wa soko wakipigwa risasi na kuzama mtoni. Mwaka 1893 majeshi ya Dola la Kongo yalitwaa Nyangwe, kisha Kasongo. Na leo mahali pale pa utajiri panaitwaje? Panaitwa Tongoni. Kila ajuaye Kiswahili anajua maana ya tongo: ni mahali palipohamwa, pamebaki matofali na miti. Mji uliojengwa juu ya mali ya kuchukua hugeuka tongo siku ile mali inapokwisha au mwenye nguvu mwingine anapofika.

Mtasema hayo ni ya zamani. Haya, tutazame ya juzi. Namoya, karibu na Salamabila, kampuni ya Banro kutoka Kanada ilianza kutoa dhahabu kwa biashara mwaka 2016. Vijana wengi walifikiri kwamba kazi imefika, na itadumu maisha yao yote. Mwaka 2019 Banro ikasimamisha kazi kwa sababu ya machafuko. Tangu hapo hata kabla yake, vikundi vya silaha kama Mai-Mai Malaika vimewasumbua watu wa upande ule. Je, baba anayempeleka mtoto wa miaka miwili mahali pa namna hiyo, ameuliza ni nani anayeshika bunduki pale usiku?

Tena tuangalie maisha ya mtoto machimboni. Dhahabu hukamatwa kwa zebaki, kisha zebaki huchomwa motoni ili dhahabu ibaki. Moshi wake ni sumu. Humdhuru mama mwenye mimba, humdhuru mtoto mgongoni, hata kama hawausikii kwa pua. Mashimo yaliyoachwa hujaa maji, na maji yale huzaa mbu wa malaria. Chakula ni ghali, kwa kuwa kila mtu anachimba na wachache wanalima. Mtoto akifika umri wa kubeba kikapu, hubebeshwa kikapu cha mawe. Leo anabeba baada ya masomo, kesho anabeba badala ya masomo. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto na kazi za namna hiyo. Lakini sheria haitembei yenyewe mpaka ndani ya shimo.

Na majirani zetu wa Kamituga, katika Kivu ya Kusini, wametufundisha kwa machozi. Mwezi wa Septemba 2020 mvua kubwa iliporomosha udongo wa machimbo, watu wapatao 50 wakafa. Mwaka 2023 ikatokea palepale namna mpya ya ugonjwa wa mpox, ikaenea kutoka mji ule wa dhahabu, ambapo watu wengi huja, hulala, na kuondoka kila siku. Hatusemi hayo ili kuwatukana watu wa Kamituga. Twasema ili mtu asidanganyike kwamba machimbo ni mahali pa kulea.

Hapa twamsikia baba mmoja akijibu kwa hasira: "Ninyi mnasema vizuri kwa kuwa mmeshiba. Mimi nina deni. Shamba halileti fedha mpaka mwaka uishe. Je, watoto wale maneno yenu?" Jibu hilo si la upuuzi, wala hatulicheki. Umaskini ni kweli, na mchimbaji si mwenye dhambi kwa kuwa anachimba. Tena tunajua kwamba baba akienda peke yake kuna hatari nyingine: wengine hupata mke wa pili huko, fedha zikapotea, mama akabaki na watoto kama mjane. Lakini kati ya hatari mbili yafaa kuchagua ile isiyomwangukia mtoto. Kama huna njia ila kuchimba, waache mama na watoto karibu na shule na kituo cha afya, kati ya jamaa wanaoaminika, na uweke siku ya kurudi mbele ya mashahidi. Baba mwenye mapenzi hubeba mzigo mwenyewe. Haweki nusu yake juu ya kichwa cha mtoto.

Shauri la pili ni la wazee. Wao husema: "Rudi kijiji cha ukoo wako, basi. Damu nzito kuliko maji." Shauri hili ni bora kuliko la kwanza, maana ukoo una ardhi na una wa kukulilia. Walakini halitoshi. Ukoo hauwezi kumchanja mtoto. Ukoo hauwezi kufunga damu ya mama anayezaa usiku, kama kituo cha afya kiko mwendo wa siku mbili.

Tumtazame Mtakatifu Yosefu. Yeye alikuwa na mke kijana na mtoto mdogo, naye alikuwa mkimbizi. Alipotoka Misri, Betlehemu ulikuwa mji wa ukoo wake, ukoo wa Daudi. Yerusalemu, mji mkuu, ulikuwa karibu nao. Mtu yeyote wa barazani angemwambia: rudi kwenu. Lakini Yosefu alisikia kwamba Arkelao anatawala Uyahudi mahali pa baba yake Herode, akaogopa kwa ajili ya Mtoto, akaenda Galilaya, akakaa Nazareti, kijiji kisicho na sifa. Hakufuata mali, wala hakufuata jina la ukoo. Aliuliza jambo moja: Mtoto atakua salama wapi? Na pale Nazareti Mwana wa Mungu alikua, akajifunza kazi ya mikono, akakaa mpaka akawa mtu mzima. Kwa hiyo msituambie kwamba mahali padogo hapatoi watu wakubwa.

Basi ninyi mnaohama na watoto, ulizeni maswali ya Yosefu. Tena msiwaulize wanaume wa barazani tu. Waulizeni akina mama kisimani. Maji yanatoka wapi, na mwezi wa Agosti chemchemi haikauki? Barabara inapitika wakati wa masika, au mgonjwa hubebwa kwa kipoyi? Mkunga yuko, na dawa zipo? Shule ina walimu wanaofundisha, au ina majina ya walimu tu? Ni nani atakayenionyesha shamba, na mpaka wake unajulikana na majirani? Usiku watu wanalala? Mahali panapojibu vema maswali hayo, hata kama hapana taa wala mabati, pale ni Nazareti yenu. Huenda ni Kasongo, huenda ni kijiji kimoja cha Kabambare chenye amani, maana teritwari ile ni kubwa, na si yote ni machimbo.

Msidhani swali la chanjo ni dogo. Katika miaka ya 1970, waganga kutoka Antwerp pamoja na wauguzi wetu walifanya kazi hapa hapa Kasongo, wakaweka vituo vya afya karibu na watu. Habari yao ya watoto waliochanjwa surua ilichapwa mwaka 1981 katika Lancet, gazeti la waganga la Uingereza: walionyesha kwamba watoto waliochanjwa walikufa wachache kuliko wasiochanjwa. Na wakati surua ilipoenea nchini mwaka 2019, watu zaidi ya 6,000 walikufa, wengi wao watoto. Kumbe, kilomita chache kati ya nyumba na kituo cha afya zinaweza kuwa ndizo tofauti ya kaburi na ubatizo.

Lakini tusimalize kwa kuwafundisha wageni tu. Neno lililo chungu zaidi ni letu sisi tunaowapokea. Kwa nini baba kijana anapitiliza mpaka machimboni? Mara nyingi ni kwa sababu sisi tulimfungia mlango. Tulimwuzia kiwanja kilichokwisha kuuzwa. Tulimpa shamba lililochoka, na alipolifufua kwa jasho lake tukamnyang'anya. Tulimwita "mwenye kuja" hata katika kanisa, mtoto wake akachekwa shuleni kwa Kiswahili chake cha mjini. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali na za misioni ni bure kwa amri ya serikali. Je, hatukubuni michango mingine yenye majina mengine? Halafu jioni tunakaa barazani tukisema: "Vijana wa siku hizi wanapenda dhahabu." La! Wengine hawapendi dhahabu. Wamekosa pa kukaa.

Kwa hiyo twadai, na kudai kwetu kuanze kwetu wenyewe. Kila shirika la parokia lijue jamaa ngapi zimefika mwaka huu, na zimelala wapi. Wenye ardhi iliyolala wawape wageni sehemu ya kulima mpunga na muhogo, mbele ya mkubwa wa kijiji na mashahidi, kwa maneno yasiyogeuka. Wazazi wasafishe chemchemi kabla ya kulaumu serikali, kisha wailaumu serikali wakiwa na mikono misafi. Na sisi tuliozaliwa hapa tukumbuke kwamba babu zetu wengi walifika Kasongo na Kabambare kwa msafara, wengine kwa hiari, wengine kwa minyororo. Wachache kati yetu wanaweza kusema kwamba hawakuwa wageni kamwe.

Mwezi wa Septemba kengele ya shule italia tena. Tutawahesabu watoto darasani, na tutajua ni wangapi wamepelekwa machimboni. Kila kiti kitupu kitatuuliza swali: Ni baba yake aliyechagua kama Loti, au ni sisi tuliokataa kuwa Nazareti?