Gereji na bima wakivutana, mwenye gari ndiye analipa



Leo tuzungumzie hela za bima ya gari. Najua wengi mtasema "mimi sina gari, yananihusu nini?" Subirini kidogo. Baba yako anayo, au shangazi, au bosi wako, au wewe mwenyewe utakuwa nayo kesho. Na likigongwa ndio utajua kwamba kuwa na bima ni kitu kimoja na kutengenezewa gari ni kitu kingine kabisa.

Kwanza tuwekane sawa. Bima ndogo inamlipa yule uliyemgonga, gari lako unajitengenezea mwenyewe. Bima kubwa ndiyo inayotengeneza na la kwako. Ukipata ajali unachukua ripoti ya polisi, unajaza fomu, gereji inaandika profoma, halafu kampuni inamtuma mtathmini, yule tunayemwita asesa. Yeye ndiye anapitisha bei au anakata. Hapo ndipo noma inapoanza.

Baba mdogo wangu ana Noah anayoifanyia biashara ya kukodisha hapa Dar. Aligonga lori kwa nyuma. Boneti, bampa, taa zote mbili, shoo na rejeta, vyote chali. Bima kubwa anayo, basi akatulia. Gereji ikaandika milioni 4.6. Asesa akaja, akazunguka gari robo saa, akapitisha milioni 2.9. Gereji ikasema kwa hela hiyo hatushiki spana. Kampuni ikasema hatuongezi hata senti.

Wiki sita gari limelala pale! Baba mdogo akipiga simu gereji anaambiwa "mzee, waulize bima". Akipiga bima anaambiwa "tunasubiri gereji". Na hao wawili hawaongei wao kwa wao. Wakati huo biashara imesimama, na ada ya mdogo wangu wa kidato cha pili inasubiri hiyo hiyo Noah.

Mwisho wa siku baba mdogo akatoa laki saba mfukoni mwake, gari likatoka. Mimi nikamvuta fundi pembeni, nikamuuliza kazi ile ilikuwa ya shilingi ngapi kwa kweli. Akanijibu bila aibu: "Dogo, ilikuwa milioni 3.6. Moja niliipandisha maana najua jamaa lazima akate. Na hela yenyewe inakuja baada ya miezi, spea nanunua kwa mkopo. Kusubiri nako kuna bei."

Sasa piga hesabu mwenyewe. Kazi ya milioni 3.6, bima imetoa 2.9. Inabaki laki saba. Ndiyo ile ile aliyotoa baba mdogo!

Tusimuonee asesa pia. Kuna mafundi wanaandika taa mpya ya dukani, halafu wanaenda Ilala kuchukua ya mtumba. Wengine wanapaka puti nene kwenye bodi ya kunyoosha na kudai wamebadilisha bodi. Asesa ameshadanganywa mara nyingi, kwa hiyo anakata kila profoma, hata ya mkweli. Na fundi mkweli akiona anakatwa kama mwizi, naye anaanza kupandisha. Ukisema kweli unapata hasara, kwa nini useme kweli?

Msidhani ni Bongo tu. Australia waliwahi kuwa na mchezo huu huu hadi ukapewa jina, tuseme kwa lugha yetu "saa za uongo, hela za uongo". Kampuni za bima zilishikilia bei ya saa moja ya ufundi iwe ndogo kwenye makaratasi. Gereji zikaongeza idadi ya saa. Mfano: kazi ya saa 10 kwa dola 60 ni dola 600. Bima inasema saa ni dola 30, basi fundi anaandika saa 20. Hela ni ile ile, ila karatasi nzima ni uongo na wote wanajua!

Serikali yao ikaipa tume kazi ya kuchunguza, ripoti ikatoka 2005. Mwaka 2006 zikaanza kanuni za pamoja kati ya bima na gereji: makadirio yawe wazi, na mkigombana kuna utaratibu wa kumaliza ndani, ukishindikana mnaenda kwa msuluhishi. Jimbo la New South Wales likazifanya kuwa sheria. Sisemi ugomvi uliisha, ila angalau kila upande unajua pa kwenda.

Kwetu Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ipo chini ya sheria ya 2009. Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima nayo ipo, mteja anaweza kupeleka malalamiko. Lakini mteja anafika huko ameshachoka, gari limeshaota kutu. Dawa ianze gereji kwenyewe. Mimi naona hivi:

1. Profoma ichambuliwe. Spea peke yake (na iandikwe mpya au mtumba), ufundi peke yake, rangi peke yake.

2. Asesa akikata, aandike sababu kwa kila kitu alichokata. "Bei kubwa" sio sababu. Aseme spea hiyo inapatikana wapi kwa bei gani.

3. Gari likifunguliwa na kukutwa kilichovunjika ndani, picha siku hiyo hiyo na asesa arudi kabla kazi haijaendelea. Robo saa ya kuzunguka nje haionyeshi kitu.

4. Kampuni itaje siku ya kulipa gereji na iitimize. Fundi akiwa na uhakika wa hela hana haja ya kuuza kusubiri.

5. Mteja apewe nakala za kila karatasi. Gari ni lake jamani!

Na wewe mwenye gari, usisaini fomu ya kukubali malipo au kupokea gari kabla hujalikagua na kuelewa unachosaini. Baba mdogo alisaini kwa sababu alikuwa na haraka ya kurudi barabarani. Wiki mbili baadaye injini ikaanza kuchemsha, feni ilikuwa imepinda na hakuna aliyeiangalia. Kurudi kwao akaonyeshwa saini yake.

Kama wewe ni fundi, asesa au umewahi kulalishiwa gari, tupia maoni hapo chini. Hasa maasesa, nataka kuwasikia na nyie.

Naomba kuwasilisha.