Tusizime Ulinzi kwa Kosa la Anwani

Mwanafunzi anayetumia Linux akishindwa kuingiza programu mpya katika kompyuta, mara nyingi hupewa shauri moja tu: nakili amri hii, usiulize. Shauri hilo halifai katika somo liitwalo sayansi.

Yafaa kwanza tuelewe chombo chenyewe. Katika Linux za jamii ya Red Hat, vifurushi vya programu huletwa na meneja aitwaye yum, na katika matoleo mapya zaidi dnf. Yeye husoma anwani za hazina katika folda ya /etc/yum.repos.d. Ndani ya anwani hizo mna vigeu, mfano wa herufi x katika aljebra: $releasever husimama badala ya toleo la mfumo, na $basearch badala ya aina ya prosesa, kama x86_64. Thamani ya kigeu ikikosewa, anwani nzima hupotoka.

Chukua Red Hat Enterprise Linux 7. Katika seva zake $releasever iliweza kuwa “7Server”, ilhali hazina za watengenezaji wengine zilikuwa na folda iitwayo “7” tu. Meneja alibisha mlango usiokuwapo, akajibiwa 404.

Na tufikiri. 404 ni jibu. Na anayejibu amefikiwa. Basi waya ni mzima na mtandao ni mzima; kilichokosewa ni njia. Hata hivyo wapo wanaokimbilia kuandika gpgcheck=0. Hatua hiyo huzima ukaguzi wa sahihi za vifurushi, jambo lisilohusiana na anwani hata kidogo. Kosa hubaki palepale, na kompyuta huachwa wazi kwa vifurushi vya kughushi.

Mwalimu na aongoze hivi: wanafunzi waisome anwani iliyomo katika ujumbe wa kosa, waifungue kwa kivinjari, warudi nyuma folda moja moja hadi waione iliyopo, kisha walinganishe majina. Wakiona tofauti, watajaribu thamani sahihi kwa --releasever=7 kabla ya kubadili faili lolote.

Pengine kigeu kitakuwa sahihi, ila hazina imehama. CentOS Linux 8 iliachwa kutunzwa tarehe 31 Desemba 2021, na vifurushi vyake vikahifadhiwa vault.centos.org. Kubadili anwani hurudisha vifurushi vya zamani, lakini hakuleti marekebisho mapya ya usalama. Dawa ya kweli ni kuhamia mfumo unaotunzwa.

Itasemwa kuwa kipindi ni kifupi. Ni kweli, lakini amri iliyonakiliwa hutatua kosa la leo tu, kama inalitatua. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza “thamani ya kigeu hiki ni ipi?” atalikabili la kesho bila kushikwa mkono. Hiyo ndiyo kazi ya maabara.